Niandikeni wa Mwisho

Jumatano, 1 Februari 1956

Nimeaibishwa na mzee wa miaka sabini aliyekaa mkekani akimenya chungwa. Naandika ili hasira isipoe.

Alasiri nilikwenda kwa Mzee Idarusi kumposa Asmahani, binti wa marehemu kaka yake. Nilikwenda peke yangu. Niliona inatosha. Nina miaka thelathini na sita, karani wa ghala la katani, nina saa ya mkononi na viatu jozi mbili. Kwa nini niburute watu?

Mzee Idarusi alikuwa mwalimu wa skuli zamani, na mpaka leo kila kitu kwake ni ubao. Aliniuliza nimekuja na nani. Nikasema nimekuja na miguu yangu. Hakucheka. Akanielekeza nitazame uani. Zile kuni, akasema, ni tita. Zile ndizi ni mkungu, na ukizikata unapata chane. Nyuki walio juu ya mnazi wa jirani ni bumba. Samaki aliowaleta mchuuzi asubuhi ni mtungo. Hata kanga za Asmahani kambani ni doti, wala hazikununuliwa moja moja. Kisha akanikazia macho na kuniuliza: "Na wewe, Bwana Sadalla, ukiwekwa pamoja na wenzako, mnaitwaje?"

Nikasema makarani. Akauliza wako wapi.

Nyuma ya pazia nikasikia mtu anabana kicheko. Najua kicheko kile. Huu mwaka wa pili nanunua vitumbua kwa Asmahani kila asubuhi, na kila asubuhi ananichagulia kisichoungua. Nampenda. Nimeandika, basi. Tena nimechoka kula chakula cha jioni nikiutazama ukuta.

Mzee ametoa muda. Jumapili ya tarehe 12, saa kumi alasiri, wafike watu wangu waniseme. Wasipofika, nisibishe hodi tena. Akaongeza kwamba Jumatatu yake anamngoja Uweso na watu wake. Uweso! Fundi cherehani! Katibu wa chama cha maziko, mpiga tarumbeta wa beni, mlinda lango wa timu ya mtaa. Uweso akipiga chafya, barabara nzima inamwombea rehema. Mimi nikiugua, anayejua ni paka.

Siku kumi na moja. Zinatosha kwa mtu mwenye akili.

Alhamisi, 2 Februari

Nimeorodhesha ndugu zangu. Wote wako Mwera. Mjomba hapana, maana harusi ya binti yake sikwenda, nilituma habari kwamba nina surua. Shangazi hapana, alikuja mjini mwaka juzi nikajificha uvunguni mpaka akachoka kubisha. Binamu zangu wanamsikiliza shangazi. Orodha imekwisha na wino haujakauka.

Hila ya kwanza: msiba. Msibani hakuna anayemuuliza mtu ametoka wapi. Ukilia vizuri unakuwa mmoja wao. Adhuhuri nikasikia kuna maziko barabara ya tano, nikaenda, nikajipenyeza katikati ya umati, nikalia kwa sauti, "Mama yetu! Mama yetu katuacha!" Nililia kwa ufundi mkubwa. Watu wakaanza kugeuka. Marehemu alikuwa mwanamume mwenye ndevu.

Aliyenishika mkono akanitoa nje kwa upole ni katibu wa chama cha maziko. Uweso. Aliniuliza kama nimekula kitu tangu asubuhi. Sitasahau dharau ile.

Ijumaa, 3 Februari

Nimepata!

Nilipita sokoni baada ya sala. Nyuma ya mabanda ya samaki nikawakuta wachuuzi tisa wamezunguka sinia, wanakula wali wa nazi na changu wa kukaanga. Mkubwa wao ni Msafiri, mtu wa Tongoni, ambaye sauti yake akinadi samaki inafika stesheni. Akanikaribisha, nikasema nimeshiba, nikakaa. Hapo nikaelewa kinachoendelea. Ni kikoa. Leo anapika huyu, kesho yule, wote wanakula, mpaka zamu imalize mzunguko, kisha wanaanza upya.

Nikawatazama. Wanataniana, wanagombea ukoko, huyu anamwambia yule mkeo hajambo. Mtu akiwauliza ninyi nani, wana jina. Kikoa. Tita la watu!

Nikamwuliza Msafiri kama nafasi ipo. Akasema ipo, zamu mpya inaanza leo leo, je, nipike lini. Nikasema mimi ni mgeni, si adabu kuwatangulia wenyeji. Niandikeni wa mwisho.

Wakanisifu kwa adabu. Nilikula vipande vitatu vya changu.

Hesabu yangu ni rahisi. Nakula nao, wananizoea, Jumapili ya tarehe 12 wananisindikiza. Zamu yangu ikifika nitakuwa mume wa mtu, na mume wa mtu hakosi udhuru.

Jumamosi, 4 Februari

Tisa ni wachache. Mzee Idarusi atasema hao si watu, ni foleni. Leo saa sita tulipofunga ghala nikawafuata wapakiaji wa marobota. Ni wanane, wametoka Usambaa na Upare, wanaimba kwaya pamoja na wanalala nyumba moja. Mkubwa wao ni Manase. Kwa miaka minne nimewaandikia mizigo yao bila kuwauliza hali. Leo nikawaamkia mmoja mmoja kwa jina, nikakosea mawili.

Nao wana kikoa! Mzunguko unaanza leo. Nikasema niandikeni wa mwisho. Manase alinitazama kitambo kirefu kama anayetazama robota lililofungwa ovyo, kisha akaandika.

Chakula ni makande. Kabla ya kula Manase aliomba. Aliwaombea wagonjwa, wasafiri, mvua, mfalme wa mbinguni na wa duniani, ingawa siku hizi ni malkia, na mwisho akaniombea mimi, karani wetu, Mungu amfungulie mkono. Nilisema amina kabla ya wengine wote.

Jumapili, 5 Februari

Nimefanya jambo gumu. Nimekwenda barazani kwa mafundi cherehani, kwa Uweso mwenyewe. Wao ni saba na wanakula kikoa kila jioni baada ya kufunga mashine. Nilitaka kuona uso wake atakapojua kwamba watu wake mwenyewe watamposea Sadalla. Utamu wa hila uko hapo.

Uweso akanikaribisha kwa mikono miwili. Mnafiki. Akaniuliza nataka zamu ipi. Nikamwambia. Akacheka, akasema mafundi wote husema hivyo ila huwa wanasema kwa haya. Leo ndiyo siku ya kwanza, akaniandika wa nane.

Pilau ya mafundi ina zabibu. Hata kwa adui mtu husema kweli.

Jumanne, 7 Februari

Adhuhuri wali sokoni. Saa kumi na moja makande. Baada ya magharibi kwa mafundi, na leo kulikuwa na mkate wa kumimina. Sijavuta pumzi kamili tangu Jumapili. Mshipi wa suruali umehama matundu mawili. Bi Semeni, mwenye nyumba yangu, ameniuliza kama nina ugonjwa wa kujaa maji.

Shida ni kwamba wananipenda. Wachuuzi wananiwekea kichwa cha samaki. Jana Manase alinifundisha sauti ya tatu ya wimbo wao nikaimba. Fundi mmoja amenikazia kifungo cha koti bila kuombwa. Nilirudi nyumbani nikakaa kitandani, nikashikashika kile kifungo. Kimekaza vizuri.

Lakini nisilegee. Hii ni kazi.

Asmahani leo asubuhi aliniambia nimenenepa. Nikasema ni mawazo. Akanipa kitumbua kimoja badala ya viwili, akasema kingine nitakipata kwenye sinia za watu. Sijui amesikia wapi.

Alhamisi, 9 Februari

Balaa.

Nilikaa ghalani nikahesabu zamu nyuma ya karatasi ya mizani. Wachuuzi ni tisa, walianza Ijumaa, mimi wa kumi: Jumapili ya tarehe 12. Wapakiaji ni wanane, walianza Jumamosi, mimi wa tisa: Jumapili ya tarehe 12. Mafundi ni saba, walianza Jumapili, mimi wa nane. Nikahesabu kwa vidole. Nikahesabu kwa mbegu za ubuyu. Jumapili ya tarehe 12.

Watu ishirini na wanne. Korija nzima, ishirini na ushee, kama boriti! Na ndani kwangu nina mchele kibaba kimoja, chumvi, na nazi iliyoanza kuota.

Nililowa jasho. Kisha, wakati naandika robota la mwisho, jibu likaja lenyewe. Kwani watu wa posa wakifika kwa wakwe huwa wanaachwa juani? Hupikiwa! Kwa Mzee Idarusi haitakosa biriani. Basi nitawaambia wote: zamu yangu nitailia kwa wakwe zangu, Jumapili saa kumi, vaeni vizuri. Wao watakula wakijua ni zamu yangu. Mzee atawalisha akijua ni watu wangu. Mimi sitaosha hata kijiko.

Nimejikuta nacheka peke yangu kati ya marobota. Msimamizi ameniuliza kuna nini. Nikamwambia idadi imetimia.

Ijumaa, 10 Februari

Nimewaambia wote. Wachuuzi walipiga makofi. Manase akauliza kama nyumba ya mzee ni kubwa, nikasema utafika utaona. Uweso alinishika bega akasema amefurahi sana kwa ajili yangu, na kanzu yangu ya Jumapili ataipiga pasi yeye. Anaficha maumivu vizuri.

Jioni Bi Semeni akaniharibia. Nilimwomba aniazime mwavuli wa kwenda nao Jumapili, akauliza wa kwenda nao wapi. Nikamwambia posani, na watu wangu ishirini na wanne. Akaketi kwenye kinu akacheka mpaka kilemba kikamfunguka. "Mwanangu," akasema, "umemwona wapi mposaji anakwenda kujiposea mwenyewe mara mbili? Wewe utakaa nyumbani. Anayesema ni mshenga."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Basi mshenga awe Msafiri. Ana sauti, na mbele za watu haoni haya.

Bi Semeni akauliza na chakula cha watu ishirini na wanne nani anapika. Nikamweleza hila yote, maana nilitaka mtu mmoja duniani ajue nilivyo na akili. Alifunga kilemba, akachukua kikapu, akasema anakwenda kununua vitumbua. Saa kumi na mbili jioni, vitumbua gani?

Jumapili, 12 Februari

Nitakwenda kwa taratibu.

Saa tisa walijaa uani kwetu. Kanzu nyeupe za wachuuzi, bila harufu hata kidogo. Wapakiaji wamevaa suruali za kanisani na tai. Mafundi wamevaa wanavyovaa mafundi, yaani vizuri kuliko wote. Nilisimama mlangoni nikawatazama mmoja mmoja. Mimi, Sadalla, na halaiki yangu!

Hapo ndipo Msafiri alipofungua mdomo kunisalimia na hakukutoka kitu. Asubuhi iliingia shehena ya nguru, alinadi tangu alfajiri, sauti imekwisha kabisa. Akanong'ona jambo. Wenzake wakatafsiri. Alisema badala yake atasema Uweso.

Nilikataa. Nilikataa kwa macho, kwa mikono na kwa miguu. Lakini wote ishirini na wanne waliona ni shauri jema, na Uweso alikwisha kutangulia njiani, kanzu inang'aa. Wakaondoka, na Bi Semeni nyuma yao. Nikabaki na paka.

Sijawahi kukaa saa mbili ndefu namna ile. Nilimwona waziwazi Uweso ameketi mbele ya mzee, anajisafisha koo, anajiposea mwenyewe, tena kwa kutumia watu wangu. Nilivaa viatu nitoke. Nikavua, maana mposaji haendi. Nikavaa jozi ya pili. Nilimwambia paka kwamba nampenda Asmahani kweli, si hila, na kwamba kama nikimpata nitaacha uongo. Paka ni shahidi, lakini hakuna atakayemwita.

Bi Semeni alirudi wa kwanza. Akanisimulia akiwa amesimama, kwa sababu akikaa anaanza kucheka.

Mpaka wanafika, kila kundi lilidhani wale wengine ni ndugu zangu. Msafiri akanong'ona kwa Manase, ninyi nani? Manase akasema sisi ni kikoa cha Sadalla, leo zamu yake. Mafundi wakasema, hapana, zamu yake ni kwetu. Wakatazamana mlangoni kwa mkwe wangu, kanzu na tai, mpaka Mzee Idarusi akatoka mwenyewe kuwakaribisha. Ndani hapakuwa na biriani. Hapakuwa na harufu ya biriani. Asmahani alikuwa ametandika mikeka, ametia maji mtungini, na kupanga vikombe ishirini na vinne vya kahawa chungu. Alivihesabu sawasawa. Alijua tangu Ijumaa, na namjua aliyemwambia, ananikodisha chumba.

Wakanywa kahawa. Mzee akauliza, haya, mmekuja mnaitwaje?

Uweso akasimama. Bi Semeni anasema alisema hivi: "Mzee, sisi ni vikoa. Si kimoja, vitatu, na tumejuana hapa hapa mlangoni kwako. Sadalla amekula kwetu sote, na sisi kwake hatujala. Tungeweza kuondoka. Lakini mtu huyu anakula kwa furaha, anaimba sauti ya tatu, na tangu aje hakuna kichwa cha samaki kinachotupwa. Tunakuomba umwoze, ili tuwe na mlango wa kugonga zamu yake ikifika."

Mzee Idarusi alicheka mpaka wakamletea maji. Akasema hilo ni jina, na jina ndilo alilotaka. Kisha akauliza ndani. Asmahani akajibu kutoka nyuma ya pazia kwamba ameridhika, ila kwa sharti moja. Kabla ya nikahi, Ijumaa hii ya tarehe 17, Sadalla atazipika zamu zake zote tatu. Kwake mwenyewe. Kwa mikono yake mwenyewe. Naye atakuja kuonja, pamoja na Bi Semeni.

Nilimwuliza Bi Semeni, na Jumatatu ya Uweso je? Akanishangaa. Uweso anaoa Tongoni mwezi ujao. Watu wake wanakuja kuagiza vitumbua vya harusi.

Nimelifikiria sana hilo. Naona ni hila tu. Mtu hawezi kuwa mwema kiasi kile bila sababu.

Lakini nimekubaliwa! Asmahani amesema ameridhika! Nimelia kidogo, na safari hii nilijua namlilia nani.

Jumatatu, 13 Februari

Furaha imefika mpaka saa nne asubuhi. Kisha nikaanza kuwaza mchele.

Ishirini na wanne, na Mzee, na Bi Semeni, na yeye mwenyewe. Sijawahi kupika kitu kinachozidi yai. Bi Semeni amekataa kunisaidia hata kukuna nazi, sharti ni mikono yangu. Nilimwomba aniulizie kwa Asmahani kama vikoa vitatu vinaweza kuhesabiwa kimoja, na je, mzee ana neno la vikoa vitatu vikiwa pamoja? Tita la vikoa? Bumba? Jibu limekuja jioni, limefungwa ndani ya jani pamoja na kitumbua kisichoungua. Asmahani anasema vikoa vitatu kwa mtu mmoja huitwa msiba, na tayari ninajua kulia.

Nimeweka lile jani ndani ya shajara hii. Limelowesha mafuta mpaka ukurasa wa Ijumaa.

Basi, nimeamua. Nimeahidi kuacha uongo, na nitaacha. Nitapika. Nitaamka alfajiri, nitapika kama watu.

Jumanne, 14 Februari

Lakini hebu fikiri.

Leo niliomba ruhusa ghalani, nikapanda lori la mchanga mpaka Pongwe. Nimesikia wako wachoma mkaa kule, watu kumi na mmoja, wana kikoa kikubwa na masufuria ya kulishia kambi. Mkubwa wao anaitwa Noa. Mtu aliyezoea moto kutwa, kupika kwake ni mchezo. Hila ni fupi na safi. Najiunga nao. Nawaambia mwanzo wa zamu tufanyie kwangu Ngamiani, siku ya Ijumaa, waje wapike mapema. Wachuuzi, wapakiaji na mafundi wanafika, wanakuta chakula tele. Asmahani anaonja. Na mikono yangu nitaitia unga kidogo hapa na hapa.

Huu si uongo. Ni mpango.

Ilikuwa rahisi kuliko nilivyotegemea. Noa alikuwa amekaa juu ya rundo la magunia, amejaa masizi mpaka kope. Akaniuliza jina langu. Nikamwambia. Akaniuliza tena, akawaita wenzake, nikalitaja mara ya tatu mbele ya wote, wakafurahi sana, wengine wakapigana mabega. Noa akasema wamekuwa wakinitazamia tangu jana, Asmahani alipokuja kuchukua mkaa wake akawaambia Sadalla atafika. Sikujua kwamba sifa zangu zimefika mpaka Pongwe.

Nikawaeleza habari ya Ijumaa. Wamekubali papo hapo. Watakuja wote kumi na mmoja, asubuhi na mapema, na watakuja na masinia yao. Nikasema masinia mazito kwa safari ndefu namna hiyo. Noa akasema hapana, matupu ni mepesi.

Watu wema sana. Nimewaambia waniandike wa mwisho.